Dania ya Kuamsha Pua

Kibanda cha Mama Ndolo kiko Noonkopir, nyuma ya posho mill, mahali ambapo lami ya Kitengela imekata tamaa na udongo mweusi umechukua nafasi yake. Kina meza nne, benchi ambazo hazipatani na meza, na bango ambalo mchoraji aliandika jina vizuri kisha akaishiwa na rangi kabla ya kumaliza kuku aliyemwahidi. Kuku ana miguu tu. Wateja ni mafundi wa welding, watu wa boda, wasichana wa viwandani wakitoka shifti, na mimi, ninayepanga chumba mlango wa tatu kutoka hapo na sijawahi kupika kitu kinachohitaji sufuria mbili.

Jina lake la kuzaliwa ni Munyiva. Alitoka Mbooni akiwa bibi arusi mbichi, akaja huku na mume wake, Munguti, ambaye huchonga mawe kwa kwari mpaka leo. Ndolo ni kijana wao wa kwanza. Siku hizi anafundisha Nakuru, lakini jina lake lilibaki hapa likifanya kazi.

Kitu kilichomfanya huyu mama ajulikane ni pua. Wapishi wengine wanaonja, yeye alikuwa ananusa. Angekuwa nje anabishana na mwenye mkaa, ghafla anyamaze, ageuze kichwa, aseme, "Roda, maharagwe yameisha maji." Roda akikimbia, kweli anapata maji yamebaki ya kulowesha kijiko. Roda ndiye mwanamke wa chapati, mwembamba, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi kuliko mkono. Aliwahi kuniambia kwamba kufanya kazi na Mama Ndolo ni kama kufanya kazi na mbwa wa polisi, tofauti ni kwamba mbwa wa polisi hakuulizi kwa nini umeweka kitunguu kabla mafuta hayajashika moto.

Halafu mwaka juzi homa ikapita mtaani, ile ya kukohoa mpaka mbavu zinaomba ruhusa. Ilimlaza siku nyingi. Alipoamka, mwili ulikuwa umerudi wote isipokuwa pua. Yaani pua yenyewe ilikuwepo, katikati ya uso kama kawaida, lakini ilikuwa kama kengele ya shule wakati wa likizo.

Aligundua kwa njia mbaya. Alikuwa amesimama juu ya sufuria ya vitunguu, anamsimulia mteja habari za arusi fulani ya Isinya. Vitunguu vikawa rangi ya dhahabu, vikawa kahawia, vikawa vyeusi. Watu wakaanza kukohoa. Mmoja akatoka nje na sahani yake. Mama Ndolo akaendelea na bibi arusi.

"Mama," Roda akasema.

"Ngoja nimalize. Sasa huyo msichana akakataa kushuka kwa gari—"

"Mama, jiko."

Akatazama chini. Moshi ulikuwa umemfika kifuani na yeye alikuwa anaupepea kwa mkono kama nzi.

Roda akaondoa sufuria, akamvuta mpaka nyuma ya kibanda. "Hukusikia hiyo harufu?"

"Harufu gani?"

Roda akachukua kitunguu kibichi, akakikata chini ya pua ya mkubwa wake. Machozi yakamtoka Mama Ndolo, mawili mawili, vizuri kabisa.

"Unasikia?"

"Nasikia macho."

Hapo ndipo alipomwapisha Roda. Asimwambie mtu. "Mpishi bila pua ni dereva bila macho," akasema. "Watu wakijua, wote watavuka barabara waende kwa Githongo." Githongo ana hoteli ng'ambo, yenye tiles na menyu iliyovishwa plastiki, na chakula cha kumfaa mtu anayetaka kukaa kwa tiles. "Nimepika miaka hii yote kwa kunusa. Hii pua isiporudi kufikia Krismasi, nafunga jiko. Nitauza mitumba. Nguo haihitaji pua."

"Inahitaji," Roda akasema. "Ni vile hujawahi kufungua beli ya mitumba."

Roda aliitunza siri hiyo vizuri sana. Hadi leo tunaoijua ni wachache, na sisi wote alituambia yeye.

Kwa muda, Roda ndiye aliyekuwa pua. Walipatana kwa kikohozi: akikohoa mara moja, chakula kinakaribia, mara mbili, toa. Mpango huo ulienda sawa mpaka Roda akapata kikohozi cha kweli. Wiki hiyo tulikula ndengu ambazo ungezipanda zingeota.

Mama Ndolo akaenda kliniki. Daktari, kijana mpole, akamwambia pua imelala, haijakufa, na ya kulala huamshwa. Achukue vitu vyenye harufu kali, avinuse asubuhi na jioni kila siku, bila kukata tamaa. Pengine itarudi haraka, pengine pole pole, pengine nusu. Mama Ndolo akatoka hapo na moyo mzuri. Alijaribu kitunguu saumu. Alijaribu tangawizi. Munguti akatoa soksi zake za kwari, kwa nia safi kabisa, akafukuzwa nazo.

"Dania," Mama Ndolo akasema siku moja, akishika fungu alilonunua sokoni. Lilikuwa limesafiri, limelowa, limepigwa jua, majani yamelala kama wanafunzi wa saa nane. "Si hii. Hii hata mwenye pua mbili hapati kitu. Dania ya mama yangu. Ile ya majani madogo. Ukiipita tu na sketi, sketi inanukia mpaka Jumapili."

Akapiga simu Mbooni. Simu za mama yake husikika hadi posho mill, kwa sababu bibi huyo anaamini kwamba kutoka Mbooni hadi Kitengela ni mbali na ni lazima mtu apaze sauti.

"Mbegu iko," bibi akasema. "Lakini si wewe ulikuwa ukisema dania ni shamba la watu hawana kazi?"

"Mwaitu, mama yangu, nimebadilika."

"Umebadilika ama umefutwa?"

"Nitumie tu, mwaitu."

Zikaja na jirani aliyekuwa akija Athi River, zimefungwa kwa pembe ya leso, fundo moja gumu. Mbegu ndogo, za mviringo, rangi ya mchanga. Na simu ikaja nyuma yake na maagizo. "Usipande nzima. Hiyo unaona ni moja, ni mbili zimekumbatiana. Zisukume na chupa kwa ubao, pole pole, zitengane. Usisage, hatupiki. Uziloweke usiku. Na uzipande pale zitakaa, dania haitaki kuhamishwa kama sukuma wiki."

Mama Ndolo alifuata kila neno. Alizisukuma kwa chupa ya soda. Alizilowesha kwa kikombe na kukifunika ili Munguti asidhani ni chai. Asubuhi akachukua jerikeni kuukuu iliyokuwa nyuma ya stoo, akaipasua kwa ubavu, akaitoboa chini, akajaza udongo, akapanda, akafunika na nyasi kavu. Akaiweka karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo angeiona.

Akangoja. Akamwagilia. Akangoja. Alitoa nyasi akachungulia, akarudisha. Roda akasema labda mbegu zilikuwa za zamani. Mimi nikasema labda zinaogopa kutoka, ukitazama bei ya nyumba Kitengela. Hakuna aliyecheka.

Maziwa ya kibanda huletwa na Namunyak, bibi Mmaasai anayeishi ng'ambo ya ua, upande wa Korompoi. Sisi sote tunamwita Koko, maana yake nyanya. Yeye haamini jerikeni kwa maziwa. Huleta kwa kibuyu, na kila asubuhi kabla ya kukamua huwasha kijiti cha mti wa oloirien, akakisugua ndani ya kibuyu kikiwaka, ndiyo maziwa yake yana ule moshi mtamu ambao wateja hutoka mbali kuufuata.

Asubuhi hiyo alifika, akatua kibuyu.

"Takwenya, Koko," Mama Ndolo akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Koko akaitikia. Akamimina maziwa, akafunga kibuyu, akainama juu ya ile jerikeni ya dania. Akakaa hapo kidogo. "Mama Ndolo, mimi si mtu wa shamba. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Lakini nauliza tu. Hii mafuta ya taa umepanda, inaota lini?"

Mama Ndolo akatua mwiko.

"Mafuta gani?"

"Ya taa. Mimi nasikia kutoka kwa geti yangu."

Mama Ndolo akamgeukia Roda. "Hii jerikeni ilikuwa ya mafuta ya taa?"

"Si ni yako," Roda akasema. "Nilidhani umeweka makusudi. Ya siafu."

"Na wewe?"

Munguti alikuwa anamaliza chai yake aende kwari. "Mimi nilidhani ni mambo ya kwenu Mbooni," akasema. "Naanzia wapi kuuliza mambo ya mama mkwe?"

Hata mimi nilikuwa nimeisikia hiyo harufu siku zote hizo. Nilidhani ni chai.

Koko alikuwa bado anamtazama Mama Ndolo, si jerikeni. "Wewe hunusi," akasema, bila kuuliza.

Mama Ndolo akafuta mikono kwa leso ingawa ilikuwa mikavu. "Sinusi, Koko. Tangu ile homa."

"Hata maziwa yangu?"

"Hata maziwa."

Koko akatafakari jambo hilo. "Kila asubuhi mimi nachoma oloirien. Moshi inaingia macho, natoa machozi, nasugua kibuyu. Kumbe nilikuwa nasafishia ukuta." Akaanza kucheka, kwanza kwa mabega tu, kisha shanga zote zikaingia kwa kicheko. Mama Ndolo akajaribu kukasirika, ikamshinda, akacheka pia mpaka akakaa juu ya gunia la viazi.

Kesho yake asubuhi Koko alikuja na punda, na juu ya punda gunia la samadi ya mbuzi, kavu, iliyooza vizuri. "Panda tena," akasema. "Na usiniambie kama hiyo inanuka. Najua inanuka."

Ungefikiri mbegu zilikuwa zimeisha. Lakini mtu wa Ukambani hapandi mbegu yote mvua ya kwanza. Hiyo hufundishwa kabla ya kuhesabu. Nusu ya fundo ilikuwa bado kwa leso, juu ya kabati.

Mara hii hakutaka jerikeni yoyote hata iwe imebarikiwa kwa maji ya kanisa. Alichukua kile kijisehemu nyuma ya kibanda. Udongo wa huko ni ule wetu: ukinyeshewa unakufuata nyumbani kwa viatu, ukikauka unapasuka nyufa ambazo simu ya mpangaji mmoja iliwahi kuingia na ikawa inaita kutoka chini. Munguti akaleta udongo mwekundu kwa wilbaro kutoka mjengo fulani walikokuwa wanapeleka mawe. Wakachanganya na samadi ya Koko. Kwa sababu ya jua la huku, wakatundika magunia mawili juu kwa vijiti. Maji ya kisima cha mashine yana chumvi ya kutosha kuokoa mpishi msahaulifu, kwa hivyo dania ikawa inapewa maji yaliyooshea mchele. Roda akalalamika kwamba dania inakula vizuri kuliko mpishi wa chapati.

Ikaota. Kwanza majani mawili mawili membamba, kama nyasi isiyojua inataka kuwa nini. Kisha yale yenye meno. Roda, kwa kuwa amelelewa na sukuma wiki, akaona zimebanana, akang'oa chache kwa siri akazipanda kando kwa mstari mzuri. Zikalala siku hiyo hiyo na hazikuamka. Bibi wa Mbooni aliposikia, alisema kwa simu kitu kwa Kikamba ambacho Mama Ndolo alikataa kututafsiria, na Roda akasema hahitaji tafsiri.

Basi ikawa kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Mama Ndolo anaenda nyuma, anachuma jani, analisugua kati ya vidole, analiweka puani na kufunga macho. Tulio kwa benchi tukingoja chai tunanyamaza, utadhani ni maombi.

"Leo?" Roda anauliza.

"Leo ni majani."

Kesho: "Leo?"

"Majani."

Sisi wengine tulikuwa tunaisikia kutoka barabarani. Mama mkwe wa Munguti hakudanganya, ile ilikuwa dania ya kupigana. Koko ilimshinda kabisa. Alikuwa akifika kwa maziwa anafunika pua na shuka. "Kuna mdudu mmoja," akatueleza, "wa kijani, anakaa kwa mti ya miiba. Ukimkanyaga ananuka hivi. Mbuzi yenyewe ikimwona inapita kando. Na nyinyi mnaweka kwa chakula."

"Una bahati, Koko," Mama Ndolo akamwambia. "Hata huyo mdudu mimi namtamani."

Alisema kwa mzaha, lakini mikono yake ilikuwa bado imeshika lile jani. Oktoba ilikuwa imepita. Nilimwona siku moja amesimama kwa mama mmoja wa mitumba pale stendi, anashika mashati na kuuliza beli hununuliwa wapi. Aliponiona akasema anatafutia Munguti shati. Lilikuwa shati la mtoto.

Wakati huo huo, jambo jingine lilikuwa linatendeka ndani ya sufuria na hakuna aliyemwambia. Mama Ndolo alijua ulimi wake unapata chumvi na uchungu na basi. Kwake chakula kilikuwa kama kimekosa kitu. Kwa hivyo akawa anaongeza dania. Konzi moja, anaonja, hakuna kitu. Konzi ya pili. Ya tatu. Mashina yakaingia. Mizizi iliyooshwa ikapondwa na kitunguu saumu ikaingia pia, kwa sababu bibi wa Mbooni alisema huko ndiko nguvu iko.

Opiyo, fundi wa welding, ndiye aliyesema kwanza. Yeye ni mtu mkubwa mwenye sauti ya kuzidi grinda. Aliletewa sahani ya ndengu, akaitazama, akaizungusha.

"Mathe," akasema, "hapa umenipikia ndengu ama umenipikia uwanja wa mpira?"

"Usipotaka, kwa Githongo kuna tiles."

Opiyo akala. Akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Akafuta sahani na chapati, akaomba nyingine, na siku iliyofuata akaja na mafundi wenzake. Hao wakaja na wengine. Wasichana wa viwandani wakaanza kuuliza "ile ndengu ya kijani" iko wapi. Ikafika mahali saa saba benchi zinajaa, watu wanakula wamesimama na sahani juu ya tangi la maji. Githongo alimtuma mtu kununua sahani moja ya kubeba, akajaribu kuiga na dania ya sokoni. Nasikia ilitoka kama nyasi iliyolia.

Mama Ndolo alikuwa anatazama hiyo foleni na haelewi. "Wananihurumia," akamwambia Roda. "Umewaambia."

"Mtu hahurumii mpishi na sahani tatu, Mama."

Krismasi ikaja. Jiko halikufungwa, kwa sababu huwezi kufunga jiko wakati watu wamesimama mlangoni na sahani. Akasema basi ni mpaka mvua ya Machi. Sisi tuliojua tukakubali upesi kabla hajabadilisha nia.

Januari jua likatushukia. Magunia mawili hayakutosha. Dania, ambayo haipendi joto, ikaamua kwamba maisha ni mafupi, ikarefuka, ikatoa maua meupe madogo, majani yakawa machache na membamba. Alikuwa amepanda mstari mwingine upande wa kivuli, kwa hivyo jiko halikukosa, lakini ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kazi.

"Tuing'oe," Roda akasema. "Imekuwa mti."

"Mwaitu anasema niiache. Ndiyo mbegu ya kesho."

Maua yakawa mbegu, za kijani bado, laini, kama shanga ambazo hazijakauka rangi. Jumapili moja alitoka kanisani, akabadilisha viatu, akaenda nyuma kuzitazama. Mimi nilikuwa nafua nguo kwa beseni pale kando. Alichuma moja, akaisugua kwa vidole kama alivyozoea, akaipeleka puani kama alivyozoea, na nikamwona anakunja uso.

Akaitoa. Akaitazama. Akairudisha.

"Wewe," akaniita. "Kuja hapa. Kuna kitu kinanuka vibaya."

"Ni mtaro, Mama Ndolo."

"Mtaro naujua kwa macho. Kuja unuse hii."

Nikanusa. Mbegu ya dania ikiwa mbichi ina ukali ambao jani linausikia tu kwa hadithi. Ilikuwa kama mtu amenipiga kofi na limau.

"Inanuka?" akauliza.

"Inanuka vibaya sana."

"Vibaya kama nini?"

"Kama… yule mdudu wa Koko."

Akakaa chini palepale, na sketi ya kanisa, juu ya udongo mwekundu wa watu. Akachuma nyingine, akaipasua kwa jino, akavuta pumzi. Nyingine tena. Alikuwa analia na kutafuna. "Ni mbaya," akawa anasema. "Ni mbaya kabisa. Asante Yesu, ni mbaya."

Haikurudi yote mara moja. Ilirudi ikiwa imepinda. Kwa majuma kadhaa kahawa ilimnukia kama tairi inayoungua, na sabuni ya Munguti kama omena, ikambidi mzee aoge na maji matupu kwa ajili ya amani ya nyumba. Kisha mambo yakaanza kunyooka, moja baada ya jingine, kila asubuhi kitu kipya. Vumbi likinyeshewa. Mkaa kabla haujashika. Asubuhi moja Koko alimimina maziwa, na Mama Ndolo akainamia sufuria, akakaa hapo.

"Koko. Hii maziwa iko na moshi."

Koko akatua kibuyu polepole. "Moshi imekuwa hapo miaka yote," akasema, kisha akatazama juu, akamshukuru Mungu kwa Kimaasai. "Ashe, Enkai." Akaondoka bila kungoja chai, na kwa mara ya kwanza shuka haikuwa puani.

Mchana wa siku hiyo hiyo, Mama Ndolo alifunua sufuria ya ndengu alizopika mwenyewe, na mvuke ukamfika.

Akarudisha kifuniko. Akafunua tena, kama mtu anayetumaini kwamba mgeni aliyemwona mlangoni si wake.

"Roda. Nani amepika hii?"

"Wewe."

"Tangu lini napika hivi?"

"Tangu Septemba."

"Na watu wanakula?"

Roda akanyoosha kidole kwa foleni.

Mama Ndolo alienda akakaa kwenye gunia la viazi. Alikuwa na aibu ya kweli, nilimwona. Mwanamke ambaye sifa yake ilikuwa kujua kipimo, alikuwa amewalisha watu shamba zima miezi mitano. Usiku hakulala, Munguti alituambia, alikuwa anarudia, "Hata mizizi. Niliwawekea hata mizizi."

Kesho yake alipika kama zamani. Kitunguu kikaiva mpaka pale panapostahili, nyanya zikayeyuka, bizari kidogo, dania konzi moja mwishoni, jiko likiwa limeshazimwa. Alisimama juu ya sufuria akanusa na uso wake ukatulia. Mimi nilionja. Kwa haki ya Mungu, ilikuwa ndengu bora kuliko zote nilizokula mahali hapo.

Opiyo alichukua kijiko kimoja. Akatazama ndani ya sahani kama amepoteza spana.

"Mathe," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya chini, ya hospitali, "uko mgonjwa?"

Roda alilazimika kutoka nje. Nilimsikia akicheka huko nyuma mpaka punda wa mtu akajibu.

"Mimi siko mgonjwa," Mama Ndolo akasema. "Ndiyo kwanza nimepona."

"Basi ni nini? Hii ni chakula ya mtu ametoka kutolewa jino."

"Hiyo ndiyo ndengu, Opiyo. Vile inafaa kuwa."

"Inafaa nani?" Akageukia meza nyingine. "Inafaa nyinyi?"

Haikuwafaa. Msichana mmoja wa kiwandani akauliza kwa heshima kama ile ya kijani imeisha, angeweza kungoja. Mwingine akasema si mbaya, kwa ile sauti ambayo watu hutumia msibani. Mama Ndolo akasimama hapo na kijiko, anatazama foleni aliyoijenga akiwa hana pua na ambayo pua yake inakaribia kuibomoa. Alikuwa na jiko lake, alikuwa na pua yake, na watu walikuwa wanamwomba awe kipofu tena.

Akaingia ndani. Tukasikia kisu kwenye ubao, muda mrefu, kwa hasira kidogo. Akatoka na mabakuli manne ya dania mbichi iliyokatwa, majani na mashina, akatua moja kwa kila meza, kama chumvi.

"Sufuria ni yangu," akasema. "Naipika vile najua. Sahani ni yako. Kama unataka kula uwanja, jipandie."

Opiyo akavuta bakuli lake, akalimwaga lote kwa sahani, akakoroga, akaonja, na mabega yake makubwa yakashuka.

"Hiyo ilikuwa ya watu wanne," Mama Ndolo akamwambia.

"Waambie wapande yao."

Wengine wakapigania yaliyobaki. Meza ya pili wakaomba tena, meza ya tatu wakaiba ya meza ya nne. Mama Ndolo akachukua kisu akaenda nyuma kukata nyingine, na aliporudi amekumbatia fungu zima la kijani akapita katikati ya benchi, pole pole, kichwa kimegeuka kidogo upande, kama zamani.

"Opiyo, hiyo ovaroli haijafuliwa tangu wiki jana," akasema. "Wewe wa boda, petroli imekumwagikia kwa kiatu. Roda, chapati ya nyuma geuza."

Akafika kwangu. Akasimama.

Nikainuka bila kuambiwa, nikaenda kuoga.